Je, Wajua? Mshale Mmoja, Sanduku Zima la Zana

Je, wajua kwamba mshale una kazi nyingi kuliko upinde? Upinde ni mti mmoja na upote wake. Fundi mwenye shoka, kisu na subira anaumaliza. Mshale una uti, chembe, manyoya, gundi, uzi wa kufungia na mkato wa kukalia upote, na kila kimoja kina zana yake. Tena mshale haufai ukiwa peke yake. Wa pili usipolingana na wa kwanza kwa uzito na ugumu, mlengaji hatajua lini kosa ni la mkono wake na lini ni la mti. Kwa hiyo anayetaka kuokoa ufundi huu aanze na zana. Upinde mzuri ukutani bila zana za kutengenezea mishale yake ni pambo tu.

Je, wajua kwamba hata miaka 5,000 iliyopita kazi hii ilikuwa ikiachwa nusu? Mwaka 1991 maiti ya mtu wa kale iliyohifadhiwa na barafu ilipatikana milimani, mpakani mwa Austria na Italia, akiwa na podo lenye nyuti 14 za mishale. Mbili tu ndizo zilizokuwa zimekamilika. Alikuwa pia na kijiti chenye ncha ya pembe ya paa kilichofanana na penseli nene: kifaa cha kunolea vyembe vya mawe. Miaka kumi baadaye picha za eksirei zilionyesha chembe cha mshale begani mwake. Aliuawa kwa silaha ileile aliyokuwa akiitengeneza.

Je, wajua kwamba mishale ya Afrika ni ya zamani zaidi? Katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, kuna ncha za mawe za miaka ipatayo 64,000 ambazo watafiti wanaona zilifungwa kwenye mishale. Nyuti zenyewe zimeoza zamani. Na hata zile zilizosalimika Ulaya hazikuwa na bahati: mishale ya msonobari ya Stellmoor, Ujerumani, yenye zaidi ya miaka 10,000, iliteketea kwa moto wa Vita vya Pili vya Dunia.

Je, wajua kwamba makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, kusini mashariki mwa Mbarara, yalianzishwa mwaka 1958 na ni miongoni mwa makongwe kabisa barani? Wa kwanza kuyajaza walikuwa Wanyarwanda. Baadaye wakaja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na Kiswahili kikawa lugha ya sokoni na ya karakana. Ukiangalia ramani ya walikotoka, karibu kila kabila lina historia yake ya upinde. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, ndiyo sababu seremala wa Nakivale anaweza kupanda gari hadi Mbarara kutafuta tupa na randa za mitumba. Na zana za mitumba, kwa maoni yangu, mara nyingi zinashinda mpya za bei rahisi zilizopangwa dukani. Zamani viwanda havikufanya ubahili wa feleji.

Je, wajua kwamba zana ya kunyooshea mshale inayotumika sana haiuzwi popote? Ni meno. Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hupasha fito motoni, huiuma na kuikunja kidogo kidogo, huku wakiichungulia kwa jicho moja toka ncha hadi ncha. Siri iko kwenye joto. Ndani ya mti kuna kitu kinachogandisha nyuzi, na kikipata joto na unyevu hulainika. Kikipoa hukaza upya katika umbo jipya. Fito mbichi zikifungwa bunda na kukaushwa kivulini huhitaji kuumwa mara chache.

Je, wajua kwamba mshale unaweza kukamilika bila chuma wala unyoya? Waefe wa msitu wa Ituri, Kongo, wana mishale ya mti mtupu, ncha imechongwa na kupakwa sumu, na mkiani pamechomekwa kipande cha jani badala ya manyoya. Zana zote ni kisu. Majirani zao Wambuti wanajulikana zaidi kwa nyavu.

Je, wajua kwamba mshale hauendi moja kwa moja? Upote ukiachiwa, uti hujikunja na kujikunjua hewani kama samaki, ukiupita mpini wa upinde badala ya kuugonga. Uti mgumu mno huenda upande mmoja, laini mno huenda mwingine. Mafundi wa zamani walipima kwa kuukunja mikononi. Kipimo cha viwandani ni hiki: lalisha uti juu ya nguzo mbili zilizoachana sentimita 66, ning'iniza gramu 907 katikati, pima umeshuka kiasi gani. Misumari miwili ukutani na pakiti ya sukari ya kilo moja vinatosha, ukitaka tu kujua ni nyuti zipi zinazofanana.

Je, wajua kwamba zana ya kuuviringisha uti ni bamba la chuma lenye matundu? Bamba hufungwa kwenye jiliwa, fimbo ya pembe nne hupigwa nyundo ipite tundu la kwanza, kisha dogo zaidi, kisha dogo zaidi, hadi ibaki ya duara yenye unene wa milimita nane au tisa. Mabamba haya yalitumika kwa karne nyingi kutengeneza vigingi vya samani na merikebu. Kuukuu likiokotwa, mara nyingi shida yake ni moja: kingo za matundu zimelala. Sugua uso wa juu kwa tupa na kinoo hadi ukingo wa tundu ukwaruze ukucha, na zana imefufuka. Usiguse ndani ya tundu. Ukilipanua, umeharibu kipimo cha mishale yote itakayofuata.

Na ukikosa la zamani? Springi ya gari. Nyama yake ni feleji yenye kaboni ya kutosha, na mafundi vyuma wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiigeuza panga na visu kwa miongo mingi. Ila huwezi kuitoboa ilivyo. Ipashe hadi sumaku iache kuivuta, uizike kwenye jivu ipoe usiku kucha, ndipo itobolewe. Tundu liwe pana kidogo upande wa chini ili mti usikwame.

Je, wajua kwamba sumaku huacha kuvuta chuma kwenye nyuzijoto 770? Hiki ndicho kipimajoto cha mhunzi asiye na kipimajoto. Ukitaka kuirudishia feleji ugumu wake, zidisha moto kidogo tu juu ya hapo, kisha zamisha: springi kwenye mafuta, maana maji yanaweza kuipasua.

Je, wajua kwamba cheche zinasema ukweli? Bonyeza chuma kwenye jiwe la mashine. Nondo laini hutoa cheche ndefu zisizo na matawi mengi; tupa kuukuu hutoa cheche zinazopasuka kama nyota. Mwuzaji wa vyuma chakavu anaweza kukuapia chochote, lakini nondo haitashika makali hata ukiibembeleza.

Je, wajua kwamba kutu inaweza kuondolewa kwa paneli ya sola? Hapa nitakaa kidogo, maana Nakivale paneli na betri ni vitu vya kila siku, na njia hii haiparui chuma kama msasa unavyofanya. Chukua ndoo ya plastiki, maji, na magadi safi yasiyochanganyika na chumvi, kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita nne. Tumbukiza zana yenye kutu na uifunge kwenye waya wa hasi wa betri ya volti 12. Upande wa pili wa ndoo tumbukiza kipande cha chuma kisicho na thamani, ukifunge kwenye chanya. Viwili hivyo visigusane. Mapovu yataanza kutoka kwenye zana; kutu italegea, nyingine igeuke unga mweusi unaofutika kwa brashi. Chuma kizima chini yake hakiliwi, ndiyo maana alama ya fundi iliyogongwa miaka mingi iliyopita hubaki inasomeka. Fanya kazi hiyo nje: mapovu yale ni haidrojeni, na haidrojeni na sigara havikai pamoja. Na kile chuma cha chanya kisiwe cha pua kisichoshika kutu, aina ya masufuria yanayong'aa, kwa sababu kina kromu, na kromu ikiyeyuka namna hiyo huwa sumu.

Kama huna betri, ipo chai. Bushenyi, magharibi mwa Mbarara, ni nchi ya chai, na majani yaliyochemshwa hadi yakawa machungu kabisa yana tanini inayoshikana na kutu iliyobaki na kuigeuza ngozi nyeusi. Haiondoi kutu nene. Inafaa kumalizia, baada ya brashi. Siki nayo hula kutu, lakini ukiisahau zana humo usiku mbili tatu, siki itaanza kuila nayo.

Je, wajua ni kosa gani linaloua zana kuukuu nyingi kuliko kutu? Mashine ya kusagia mikononi mwa mwenye haraka. Ukingo wa patasi ukigeuka rangi ya buluu umefika karibu nyuzijoto 300, na ugumu wake umekwenda. Chovya majini kila baada ya mguso, au bora zaidi, rudi kwenye kinoo. Ukimaliza, pakaa mafuta yasiyo na chumvi.

Je, wajua kwamba chembe kinaweza kufuliwa bila moto? Wahadza hununua au hubadilishana misumari na kuiponda baridi juu ya jiwe, kwa nyundo au jiwe jingine, hadi ibapate. James Woodburn aliorodhesha vifaa vyao katika kitabu kilichotolewa na British Museum mwaka 1970, na kinachonivutia ni jinsi orodha ya zana ilivyo fupi. Fuawe ni jiwe lililokuwapo hapo hapo kambini. Hakuna cha kukarabati.

Kwa wengine lakini fuawe na nyundo vilikuwa vitu vya kifalme. Je, wajua kwamba mwaka 1969 mwanaakiolojia Francis Van Noten alipochimba kaburi la Cyirima Rujugira, mfalme wa Rwanda, alikuta humo nyundo kubwa za chuma? Karagwe nayo, ng'ambo ya mto Kagera ukitokea Isingiro, watawala walihifadhi hazina ya chuma yenye nyundo na sanamu za ng'ombe. Mhunzi aliyepiga vyembe na mfalme aliyevigawa kwa askari walikuwa wakiheshimu chombo kilekile.

Je, wajua kwamba ng'ombe wa Ankole walipigwa mishale na wenyewe, tena kwa upendo? Wafugaji wa Kihima, sawa na Wamaasai na Wakaramojong, walikuwa wakitoa damu ya ng'ombe aliye hai kwa chakula. Shingo hufungwa kamba ili mshipa uvimbe, kisha mshale mfupi hupigwa kwa karibu. Mshale huu una kizuizi, pete ya mti au uzi uliozungushwa nyuma ya ncha, ili usizame zaidi ya kina kinachotakiwa. Kamba ikilegezwa, damu hukatika na mnyama huenda malishoni. Atakayekarabati mshale wa aina hii ajue kwamba kizuizi ndicho chombo chenyewe. Nimeona watu wakikitoa wakidhani ni uchafu uliogandia. Makumbusho ya Igongo, Biharwe, barabara ya Mbarara kwenda Masaka, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka kutazama vifaa vya Ankole kabla hajashika msasa.

Je, wajua kwamba chuma cha vyembe kilikuwa kikiyeyushwa umbali mfupi kutoka Nakivale kwa ustadi uliowashangaza wanasayansi? Uhaya, mkoani Kagera, wazee walikuwa wameacha kuyeyusha chuma tangu mapema karne ya 20, vyuma vya Ulaya vilipokuwa rahisi. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wajenge tena tanuru. Hawakufaulu mara moja. Iliwabidi wakumbuke kwa mikono. Hatimaye mivuo ikavuma na chuma kikatoka, na mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery wakachapisha katika jarida la Science kwamba ufundi wa aina hiyo ulikuwa umeanza eneo hilo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuru, na wao walihoji kwamba hewa ilipata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wapo waliobisha jambo hilo la hewa. Chuma chenyewe hakuna aliyekibisha. Kwangu huu ndio ukarabati mkubwa kuliko wote: zana iliyofufuliwa haikuwapo hata kipande.

Je, wajua kwamba podo kuukuu halishikwi ovyo? Msunguti, mti unaotoa sumu ya mishale Kenya, Somalia na kwingineko, una kemikali inayosimamisha moyo. Mkemia Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888 kutokana na mti wa sumu ya mishale ya Wasomali, nayo ikaingia katika dawa za moyo. Wawindaji walifunga ncha kwa ngozi, kuikinga sumu isikauke na kujikinga wenyewe. Kwa hiyo ukikuta ncha yenye gamba jeusi linalong'aa, usisugue, usilowanishe, usijaribu kwa ulimi. Makumbusho makubwa huziweka kando na kuziandikia onyo, hata zikiwa na umri wa karne.

Aliyejaribu kwa ulimi bila kukusudia ni John Kirk, aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Akiwa katika msafara wa Livingstone kwenye Zambezi, mswaki wake uligusana na sumu ya mishale ya huko, iliyotoka kwenye mmea mwingine. Aliposugua meno alisikia uchungu, na mapigo ya moyo yakapungua. Alinusurika, na Edinburgh wakapata dawa mpya ya kuchunguza.

Je, wajua kwamba kuna panya anayejipaka sumu ya msunguti? Hutafuna magome yake na kuyatema kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa anayemng'ata hujuta, akipata nafasi. Utafiti uliobaini hayo mwaka 2011 uliongozwa na Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora aliyefundisha sanaa Makerere.

Je, wajua kwamba Wakamba waliweka alama ya ukoo kwenye mishale yao, kama walivyowatia ng'ombe chapa? Mnyama akifa mbali, alama ndiyo inayosema ni wa nani. Hii ni sababu nyingine ya kutokwangua uti mzima hadi uwe mweupe.

Je, wajua kwamba mshale si zana ya kuwindia kwa jirani wa Nakivale? Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo iko karibu, na mfumo wa maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale umo katika orodha ya Ramsar tangu mwaka 2006. Anayetengeneza mishale anatengeneza ya shabaha, ya ngoma au ya makumbusho. Kwa Batwa wa kusini magharibi sheria za hifadhi ziliumiza zaidi: mwaka 1991 Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa, walitolewa kwenye misitu waliyoiwinda kwa upinde. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliwapa haki. Mtu anaweza kuwarudishia pinde zikiwa zimepakwa mafuta vizuri kabisa, na bado wasiwe na pa kukata fito.

Je, wajua kwamba mwaka 1925 Wamarekani Saxton Pope na Arthur Young walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa mishale ya mti? Pope, daktari wa San Francisco, alijifunza kutoka kwa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, aliyefariki mwaka 1916. Nyuma yao walisimama watu wenye bunduki. Wapiga upinde wenyeji hawakuwa na anasa hiyo.

Je, wajua kwamba keekee ya seremala wa pwani huzungushwa kwa upinde? Uzi huzungushwa kwenye mpini, upinde huvutwa mbele na nyuma, tundu linatoboka. Iliyokufa mara nyingi imekatika uzi tu.

Je, wajua kwamba manyoya ya mshale mmoja lazima yatoke upande mmoja wa ndege? Ya bawa la kulia hupinda kulia, ya kushoto hupinda kushoto. Ukichanganya, mshale haujui uzunguke wapi.

Na tupa iliyokwisha meno? Kwanza iondoe uchafu kwa brashi ya shaba nyeupe ukifuata mkondo wa meno, ndipo uilaze kwenye siki kwa saa kadhaa. Nyingi hurudi kazini. Isiporudi, usiitupe. Ina kaboni zaidi ya asilimia moja. Saga meno yote, ichonge umbo la kisu, chovya majini mara kwa mara, kisha ipashe taratibu hadi uso uliosafishwa uwe na rangi ya majani makavu, kama nyuzijoto 230. Hicho ndicho kisu cha kukatia mkato wa upote.